Usiku wa Jumamosi ni usiku gani?

Alifika Ijumaa, saa tatu na nusu usiku, begi mgongoni na hedifoni shingoni. Baunsa wa mlangoni akanipigia simu: "Dada, kuna DJ hapa kutoka Unguja, anasema leo anapiga." Nikamwambia leo hakuna mgeni, leo ni vijana wa nyumbani tu, labda kakosea klabu. Kinondoni zipo nyingi. "Anataja jina lako, dada." Nikashuka.

"Asalaam aleikum, dada."

"Waaleikum salaam, karibu sana. Mbona mapema hivi? Wewe si wa Jumamosi?"

"Ndo nimekuja. Mmeniandikia usiku wa Jumamosi."

"Lakini leo Ijumaa, kaka."

"Leo Ijumaa, sikatai. Na huu sasa hivi ni usiku wa Jumamosi."

Nikadhani ananitania. Nikafungua simu nimuonyeshe ujumbe nilioutuma mwenyewe, na kweli, umeandikwa vilevile alivyosema: tunakuhitaji usiku wa Jumamosi, saa sita. Nyuma yangu Mjomba alikuwa amekaa juu ya kreti la bia, anacheka mpaka miwani kaivua. Mjomba si mjomba wangu. Ni meneja wa ukumbi, mzaliwa wa Pangani, na klabu nzima inamwita hivyo tangu kabla sijaajiriwa. "Umeyataka mwenyewe," akasema. "Usiku wa Jumamosi ndiyo huu. Usiku wa Ijumaa watu wanasoma Yasini lini? Alhamisi, jua likishazama. Sasa wewe mtoto wa Iringa ulidhani usiku unafuata mchana?"

Ndiyo, nilidhani. Kwa lugha niliyokulia nayo, Jumamosi usiku na usiku wa Jumamosi ni kitu kimoja. Kwa mtu wa pwani aliyelelewa vizuri ni siku mbili tofauti, na mgeni wetu alikuwa amepanda boti kwa hesabu sahihi kabisa. Tukampa saa moja apige, kijana wetu mmoja akapoteza saa hiyo na akanuna, klabu ikalipia gesti usiku mmoja zaidi. Jumatatu Bosi akaniita ofisini na kuuliza swali moja tu: "Hii ratiba inaandikwa na nani?" Alikuwa anajua jibu.

Hiyo ilikuwa mwaka 2021. Nimeulizwa mara nyingi na watu wanaofungua kumbi zao kama programu za kupanga ratiba ya ma-DJ zina maana, au ni kupoteza dola kila mwezi. Jibu langu huwa refu, kwa sababu kilichotusumbua hakikuwa kile kilichotangazwa na watu wanaoziuza.

Niliingia klabu kama mhasibu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kiingilio na kulinganisha bia zilizotoka stoo na pesa zilizopo kaunta. Ratiba nilipewa baadaye kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Wakati huo ratiba ilikuwa kaunta buku moja la jalada gumu, lenye duara la chupa katikati ya kurasa nyingi, na safu zilizochorwa kwa rula: J1, J2, J3, mpaka Alh na Ij. Mjomba alianza na J1, Jumamosi, kwa kuwa juma lenyewe linaanzia hapo, jina linasema. Chini ya kila siku, zamu tatu: saa nne hadi sita, sita hadi nane, nane hadi kumi na nusu.

Mtu asiyejua klabu anaona zamu tatu zinazokaribiana urefu. Ma-DJ wanaona vitu vitatu visivyofanana hata kidogo. Wa saa nne anapigia meza tupu na wahudumu wanaopanga viti, na kosa kubwa analoweza kufanya ni kuzichoma nyimbo kubwa kabla watu hawajaingia. Wa saa sita ndiye anayepigwa picha. Wa saa nane anapokea walevi, anapokea wanaotaka kugombana, anapokea yule anayekuja kila baada ya dakika kumi kuomba wimbo uleule, na anaondoka kunakucha. Malipo ni yaleyale kwa wote watatu. Kwa hiyo kila wiki kulikuwa na malalamiko ya nani kapewa kufunga, na daftari halikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Lilikuwa na majina tu, mengine yamekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa juu yake jina lingine, na jina hilo nalo limekatwa.

Nilianza na jedwali la kawaida la kompyuta, la bure. Nikapakua mfano mmoja mtandaoni, mzuri, una rangi. Wiki ya kwanza ya Mei nikaingiza tarehe 4/5, ikakubali vizuri, ikajipanga upande wa kulia wa kisanduku. 5/5 ikakubali. 11/5 ikakubali. Nilipofika 13/5 ikagoma, ikabaki imejibanza upande wa kushoto kama neno tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba faili lile lilikuwa na mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza siku baadaye, na kwamba zile tarehe zilizonipa raha zilikuwa 5 Aprili na 5 Novemba. Mwezi wa kumi na tatu haupo, ndiyo maana likakataa. Kama tungekuwa tunafunguliwa siku kumi na mbili tu za kwanza za mwezi, nisingegundua mpaka leo. Na yale maandishi yetu ya J1, ukiyaandika ndani ya jedwali, kwa kompyuta ni anwani ya kisanduku cha safu ya J, mstari wa kwanza. Nikayaacha.

Baada ya tukio la Unguja, Bosi akakubali tulipie programu yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbi na wasanii. Sitaitaja, na sidhani kuna haja, maana nimejaribu tatu na zote zina ugonjwa uleule. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye simu, nikakaa Jumanne nzima ofisini na feni inalia, nikaanza kuingiza majina.

Zamu ya kwanza, 22:00 hadi 00:00. Maandishi mekundu: muda wa kumaliza lazima uwe baada ya muda wa kuanza.

Nikafikiri nimekosea. Nikarudia. Mekundu tena. Kwa programu, saa sita usiku ya Jumamosi ilikuwa imeshapita, ilipita asubuhi sana kabla hata hatujaamka. Kulikuwa na sehemu ya kubofya kwamba kazi inaisha siku inayofuata, lakini ukiibofya kalenda ilikuwa inamhesabia DJ siku mbili. Kwa hiyo nikafanya kama kila mtu anavyofanya, nikaandika 23:59. Na kwa mujibu wa programu, kwa miezi minne mfululizo, klabu yetu ilikuwa na dakika moja kila usiku isiyo na DJ.

Zamu ya pili na ya tatu ilibidi niziweke chini ya siku ya pili yake. Kijana anayepiga Jumamosi saa sita usiku alikuwa anapokea taarifa kwenye simu: unapiga Jumapili. Ananipigia: "Dada, Jumapili mbona nina harusi?" Namwambia hapana, ni Jumamosi, ila imeandikwa Jumapili. "Sasa kwa nini imeandikwa Jumapili?" Kwa sababu saa sita ikifika ni Jumapili. Kimya. "Dada, umelala kweli wewe?"

Halafu kuna AM na PM. Sisi tunahesabu saa kuanzia kukucha na kuanzia kuchwa, na kila mmoja wetu amejifunza tangu shule kujumlisha sita au kutoa sita kichwani bila kufikiri. Saa nne usiku, 10 PM. Saa nane usiku, 2 AM. Inakwenda yenyewe. Lakini saa sita ni mtego, kwa sababu saa sita usiku ni 12 AM na saa sita mchana ni 12 PM, na hakuna mantiki yoyote ya mtu mzima inayokusaidia kukumbuka ipi ni ipi. Siku moja nimechoka nikaweka 12 PM. Ijumaa mchana, saa sita na nusu, DJ wetu mkubwa kuliko wote, mtu mwenye zaidi ya miaka kumi na mitano kwenye mashine, yuko kwake Tabata anakula wali maharage na watoto, simu inalia. Ujumbe kutoka kwa klabu: hukutokea kwenye zamu yako, tukio hili limewekwa kwenye kumbukumbu zako.

Hakunipigia mimi. Alimpigia Mjomba. Mjomba akaja ofisini, akafunga mlango, akasema taratibu: "Mwanangu, ukiwa na shida na mtu, unamwita mnaongea. Humtumii mashine." Nikaenda Tabata mwenyewe Jumapili kuomba radhi, na kilo mbili za sukari mkononi. Alinipokea vizuri, mkewe akanipa chai. Lakini mpaka leo akichelewa dakika tano ananiambia, "Dada, weka kwenye kumbukumbu zangu."

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Yaliyofuata yalikaribia kutugharimu.

Mwisho wa mwezi wa tatu programu ikatoa ripoti, michoro ya rangi, mauzo ya kiingilio na kaunta yakilinganishwa na ma-DJ waliokuwepo kila siku. Bosi anapenda michoro. Akaitazama muda mrefu, akasema kumbe sisi tumekuwa wajinga, siku yetu kubwa ni Jumapili. Mstari wa Jumapili ulikuwa juu kuliko Ijumaa, karibu uipite Jumamosi. Akaanza kuhesabu: tulete mgeni wa maana Jumapili nne mfululizo, tutengeneze bango, tupandishe kiingilio. Mgeni mmoja alishapigiwa simu na bei ikashatajwa.

Mimi ndiye ninayehesabu pesa Jumapili usiku. Najua ukumbi ukoje. Ni wale wazee wanne wa meza ya kona, rhumba, na mhudumu anayepiga miayo. Nikakaa na ile ripoti mpaka nikaona. Watu wa Jumamosi wanaanza kunywa kwa nguvu kuanzia saa sita na kuendelea, wengi wanalipia kiingilio karibu na saa saba, na yote hayo programu ilikuwa inayaandika Jumapili. Jumamosi ilikuwa inapewa saa mbili za meza tupu pamoja na ulevi wa Ijumaa. Kila siku yetu ilikuwa imekatwa katikati na kushonwa na nusu ya siku nyingine.

"Kwa hiyo kompyuta inadanganya?" Bosi akauliza.

"Haidanganyi, Bosi. Yenyewe inaanza siku saa sita usiku."

"Nani anaanza siku saa sita usiku?"

Sikuwa na jibu, na nadhani hakuna. Tulimwandikia yule mgeni wa Jumapili nne kumwomba atusubiri. Nikaanza kutafuta.

Nikakuta kwamba tatizo si letu peke yetu, na wenzetu wamelishughulikia kwa njia ambazo mimi nilizipenda sana. Japani, televisheni zao za usiku huandika saa 25 wakimaanisha saa saba usiku ya siku ambayo bado haijalala, na baa zao hubandika mlangoni kwamba zinafunga saa 26. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu siku ni ileile mpaka ulale. Hata ratiba za mabasi: ule mpangilio wa data ambao Google waliuanzisha mwaka 2005 pamoja na TriMet, shirika la usafiri la Portland, Marekani, na ambao sasa miji mingi duniani inautumia, unaruhusu basi lililoondoka jana usiku kufika saa 25:35. Waliona kwamba dereva aliyeanza kazi Jumamosi bado yuko Jumamosi yake hata kama kalenda imegeuka. Wanaiita siku ya huduma.

Programu yetu ilikuwa na kitu hicho, kimefichwa ndani ya mipangilio ya mahesabu ambako hakuna mtu wa ratiba angeenda kukitafuta: siku ya biashara ianze saa ngapi. Ilikuwa imewekwa 00:00. Nikaibadilisha ikawa 06:00.

Nilipoihifadhi ndipo nikaona nilichokifanya. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Ni palepale saa zetu zinapomaliza mzunguko mmoja wa usiku na kuanza moja ya asubuhi. Mhandisi mmoja huko alikochimba hicho kisanduku alitengeneza, bila kujua, saa ya Kiswahili. Nusu yake, maana siku ya Mjomba inaanza jua linapozama na si linapochomoza, lakini kwa klabu hii nusu inatosha. Zamu zote tatu zikakaa chini ya Jumamosi. 23:59 ikafa. Mstari wa Jumapili ukaanguka mpaka pale wazee wanne wanapokaa, na mpango wa wageni wa Jumapili ukafa kimyakimya.

Baada ya hapo ndipo programu ikaanza kutufaa, na imetufaa, sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu. Ile habari ya nani anafunga, kwa mfano. Kijana mmoja alikuwa na wimbo wake, kila siku mimi ndo nafunga, kila siku mimi. Nikamwonyesha: wiki kumi na moja, yeye mara tatu. Mwenzake ambaye hajawahi kufungua mdomo, mara saba. Walikuwa wamesimama wote wawili mbele ya meza yangu. Yule wa saba hakusema kitu hata hapo, alitazama sakafu tu, na nikaona aibu kwa niaba ya klabu nzima. Sasa zamu ya saa nane inazunguka, na programu inanipigia kelele nikimpa mtu mmoja mara mbili mfululizo.

Advansi nayo. Zamani ugomvi na wageni ulikuwa wa kutafutana kwenye meseji: nilituma, sijapata, nilituma kwa namba ile nyingine. Sasa mgeni akilipwa nusu yake, namba ya muamala inaingia kwenye bukingi yake, na bila muamala jina halipandi kwenye bango. Ma-DJ wenyewe wameipenda sheria hiyo kuliko Bosi.

Na kuna kisanduku cha maelezo ya vifaa, ambacho mwanzoni nilikiona cha mapambo. Usiku mmoja mgeni alichomeka flashi yake, mashine ikaiangalia na kunyamaza, kwa sababu flashi ilikuwa imefomatiwa kwa exFAT na mashine zetu za zamani zinasoma FAT32. Ukumbi umejaa, saa sita kamili, mtu anatafuta laptopu ya kuazima. Kijana wa saa nne alilazimika kuendelea dakika ishirini akiwa ameshamaliza nyimbo zake zote. Sasa swali la flashi linamfuata kila mgeni siku tatu kabla. Wanalijibu kwa sauti ya WhatsApp, bila shaka.

Maana hilo ndilo jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Hakuna DJ hata mmoja anayefungua hiyo programu. Wana kiungo, wana nywila niliyowatengenezea, wengine niliwawekea mwenyewe kwenye simu. Hawaifungui. Bando linakwisha, nywila inasahaulika, na hata visipokuwa hivyo mtu anataka kuniambia "poa sista nimeiona" kwa mdomo wake. Kwa hiyo wao wananitumia sauti, mimi nasikiliza sauti, naandika kwenye programu, programu inawatumia taarifa ambayo hawasomi, kisha wananiuliza kwa sauti. Nimekubali. Programu ni yangu, mimi ni karani wake.

Mgeni mmoja tu ndiye aliyeitegemea kikamilifu, wa amapiano, kutoka Johannesburg. Kwao wako nyuma yetu saa moja. Zamu yake ilikuwa saa sita usiku, kalenda ikamwonyesha 23:00 akiwa bado nyumbani, naye akaishika hiyo kichwani mpaka akatua Dar. Saa tano kamili kasimama nyuma ya mashine, tayari. Ukimwacha yule wa Unguja, ndiye DJ pekee aliyewahi kuwahi katika historia ya klabu yetu.

Mjomba hajaacha kaunta buku. Kila Jumatano anakuja kusimama nyuma ya kiti changu, ananakili kutoka kwenye kioo kwa peni ya bluu. Mwanzoni nilidhani ni ubishi. Lakini mara nyingine alichoandika hakifanani na kilichopo kwenye kioo, na nikimuuliza anasema, "Huyo usimpe J1 hii, mkewe anakaribia kujifungua." Programu ina sehemu ya DJ kujaza siku ambazo hayupo. Haijawahi kujazwa. Mambo hayo mtu anamwambia Mjomba wakiwa wamekaa kwenye kreti saa kumi alfajiri, wakisubiri bajaji. Nikaacha kubishana, naingiza anachoniambia. Ni yeye pia aliyenifundisha kwamba huwezi kumweka mtu wa singeli kabla ya mtu wa amapiano kwa kuwa tu nafasi ipo, ingawa yule kijana wetu wa Manzese alinithibitishia kuwa inawezekana: singeli ya mapigo 224 kwa dakika ukiigawa mara mbili ni 112, na amapiano inakaa hapohapo. Alinipigia siku moja mchana, ukumbi mtupu, nisikie mlango unapofunguka kati ya muziki mmoja na mwingine. Kisanduku cha jambo hilo hakipo. Nimeliandika kwenye maelezo.

Kilichonishinda mpaka leo ni Idd.

Idd mosi ni moja ya siku zetu kubwa kuliko zote. Ramadhani tunapiga kidogo, mashine zinafunikwa siku nyingi, wahudumu wanakwenda likizo, na Idd ikifika watu wanatoka wote kwa mpigo. Mgeni wa Idd mosi anatafutwa miezi miwili kabla. Na Idd mosi ni lini? Baada ya funga ya 29 au ya 30, mwezi ukiandama, na habari inatoka usiku uleule. Programu inataka tarehe. Moja. Iliyokuwemo kwenye kalenda yake tayari, imewekwa na mtu asiyesubiri mwezi.

Mwaka mmoja niliweka mgeni siku zote mbili kama "inasubiri". Sikujua kwamba ombi lisilothibitishwa kwa saa 48 linajifuta. Zikafutika zote mbili, nikaanza upya kwa simu, kila DJ mjini kashachukuliwa. Mwaka uliofuata nikawa mjanja: nikamthibitisha Jumatano na Alhamisi, advansi moja, makubaliano ya mdomo kwamba mojawapo itaondoka. Mgeni alikuwa nani? Yuleyule wa Unguja. Tulishakuwa ndugu.

Jumanne jioni tulikaa ofisini, mimi na Mjomba na mhudumu mmoja, redio mezani, sahani ya tende imebaki mbegu. Mbili na dakika chache habari ikatoka. Mjomba akasema alhamdulillah, akaanza kuvaa viatu. Mimi nikafungua programu, nikaifuta Alhamisi. Sekunde chache simu ikalia. Kumbe ukifuta bukingi iliyothibitishwa, mfumo unamwandikia mtu wenyewe, kwa Kiingereza cha majonzi, kwamba tunasikitika kukujulisha. Sijapata namna ya kuuzima.

Kwao Unguja umeme ulikuwa umekatika tangu futari, redio hana. Ujumbe wake ulisema: "Dada nimefutwa Alhamisi. Kwa hiyo mwezi umeonekana?"

Nikamjibu umeonekana, Idd njema kwako na nyumbani, panda boti ya mchana, tunakutegemea Jumatano usiku.

Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Jumatano usiku, au usiku wa Jumatano? Maana usiku wa Jumatano ndo huu, na mimi boti ya saa hizi sina."